Kura Iliyobaki kwa Aikande

Kila Jumamosi, soko la Mwika lilipoanza kupwaya, wanaume wa kitongoji walipanda kijia cha mgombani mmoja mmoja hadi kwa Aikande, mjane wa Elifuraha, kunywa mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Hapakuwa na kibao wala jina la kilabu. Palikuwa na mabenchi mawili chini ya banda la bati, pipa lililofunikwa kwa majani ya mgomba, na kata za kibuyu zilizotundikwa ukutani. Kila mtu aliijua kata yake, huyu kwa ufa, yule kwa alama ya kisu. Aikande alizijua zote. Kata ikibaki ukutani hadi saa kumi na mbili, moyo wake ulianza kuuliza mwenyewe ana nini.

Ndivyo alivyokuwa. Tangu utoto aliitwa mtu wa mashaka. Mbwa akibweka bondeni, alisimama. Watu wawili wakinong'ona kanisani, alijitazama nguo. Alisoma hadi darasa la nne, akatolewa shule kuchuma kahawa ya baba yake, na tangu hapo aliisoma dunia kwa kutazama nyuso za watu.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili na watoto wawili. Loveness aliolewa Rau, mjini Moshi, akawa mtu wa kuja Pasaka na Krismasi. Davis, kitinda mimba, alikuwa Marekani. Kwetu Uchagani kitinda mimba ndiye hubaki na nyumba ya baba na kihamba kinachoizunguka, migomba na kahawa na makaburi ya wazee. Kwa hiyo Aikande alipofagia uwanja asubuhi, alijua anafagia uwanja wa Davis. Alipopaka rangi dirisha, alipaka dirisha la Davis. Mwenyewe alikuwa mlinzi tu, na mwenye mali alikuwa amekawia.

Davis alishinda ile bahati nasibu ya viza mwaka 2001, akaondoka na sanduku la kuazima. "Anasomea umakanika," Aikande aliwajibu waliouliza. Huo ulikuwa ukweli nusu. Davis alitengeneza magari kweli, lakini magari yenyewe yalikuwa ya jeshi la Marekani, na kwa mwaka mzima sasa yalikuwa Iraki. Barua iliyoleta habari hiyo ilisema jeshi litamlipia chuo na litamharakishia uraia, na ikamalizia: "Mama, usimwambie mtu."

Aikande hakumwambia mtu, hata Loveness. Hakuficha kwa sababu ya agizo la mtoto peke yake. Alijua kwamba siku watu watakapojua, nyumba yake wataitazama kama nyumba yenye mgonjwa mahututi. Wataanza kupita polepole.

Sasa, mwishoni mwa mwaka 2004, kampeni mbili zilikutana kwenye benchi lake. Kulikuwa na uchaguzi wa serikali za vijiji, na Filemon, fundi seremala mwenye sauti kubwa, aligombea uenyekiti wa kitongoji. Na kulikuwa na uchaguzi wa rais wa Marekani. Huo wa pili aliuleta Mwalimu Ebenezeri, mstaafu, aliyekuwa na redio kubwa ya masafa mafupi na aliyenunua gazeti kila lilipofika kutoka Moshi, hata kama lilikuwa la juzi. Wagombea wa Marekani watu waliwapa majina. Aliyekuwa madarakani walimwita Mwenye Nyumba, na mpinzani wake Mrefu.

Aikande hakuwa na redio ila kadogo, ka betri mbili, alizokuwa akizianika juani ili zipate nguvu. Kiswahili cha watangazaji kilimpita mbio. Lakini mabishano ya benchini aliyaelewa, kwa sababu wabishi walirudia maneno yao mara nne nne. Akimimina mbege, akifuta kata, akiongeza kuni, alikuwa akisikiliza jambo moja tu: nani kati ya wale wawili atamrudisha mtoto wake. Kuuliza hakuthubutu. Mwanamke wa mgombani ana shida gani na askari wa Marekani?

Wiki ya mwisho ya Oktoba kale karedio kalisema, siku ya Alhamisi, kwamba lori la kijeshi limelipuliwa barabarani huko Iraki. Hayo tu aliyanasa, kisha betri zikafa. Alikuwa jikoni anapika uji wa ulezi wa kuchanganya na ndizi zilizokwisha kuchachuka. Akatia magome ya msesewe, yale yanayoipa mbege uchungu wake. Akasimama. Akawaza lori. Akatia msesewe tena.

Jumamosi watu walijaa. Kwa desturi, mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, waone kwamba haina neno. Aikande akachota, akanywa, akamimina. Jovin, aliyekuwa mpagazi wa mlimani kwa miaka kumi na mitano na ambaye hakuwahi kunyamaza hata akipanda, alipiga funda moja akaishusha kata.

"Mama Davisi," alisema, "leo umetutilia msitu mzima?"

"Kuna nini, mbe?" Aikande aliuliza, akimwita bwana kwa Kichaga.

"Onja."

"Nimeonja."

"Umeonja kwa ulimi huu huu, au umeazima?"

Watu wakacheka. Aikande akaonja tena, na safari hii uchungu ukampanda hadi masikioni. Alijisikia amevuliwa nguo. Miaka ishirini ya kupika, hajawahi kukosea msesewe. Mwalimu Ebenezeri hakucheka. Alimtazama tu, kisha akanywa yake yote kama dawa, na wengine wakaona aibu wakanywa.

"Chungu ni nzuri," Mwalimu alisema. "Inafaa habari za leo. Wale wawili walivyopambana kwenye mdahalo, nimesoma maneno yote. Dakika tisini, habari ya nchi za nje na ugaidi peke yake. Kila mmoja anapewa dakika mbili, taa ikiwaka ananyamaza."

"Taa ikiwaka ananyamaza?" Jovin aliuliza. "Hiyo taa tumfungie Filemon."

"Niacheni mimi," Filemon alisema. "Kampeni yangu ni ya mfereji."

"Hapana, mgombea," Mwalimu akamgeukia. "Huwezi kukwepa. Tueleze msimamo wako juu ya ugaidi."

Filemon akafuta povu kwenye masharubu. "Gaidi ninayemjua mimi ni yule anayeyaziba maji huko juu zamu ya wenzake ikifika. Nikimshika huyo, sihitaji Umoja wa Mataifa."

Vicheko vilipokwisha, Jovin akaanza. Yeye alikuwa upande wa Mwenye Nyumba. Alisema tangu yale majengo ya Marekani yaanguke, watalii waliogopa ndege, na yeye alikaa geti la mlima msimu mzima bila mzigo. "Nyoka akikuingilia ndani humsomei barua. Unashika fimbo."

"Fimbo sawa," Mwalimu alijibu. "Lakini nyoka ameingia nyumba hii, wewe umekwenda kuchoma nyumba ya jirani. Ndicho anachosema Mrefu. Ulipiga pasipo nyoka."

"Mrefu naye alipiga kura ya kwenda Iraki. Nimesikia."

"Alipiga. Sasa anasema alidanganywa."

"Basi huyo hafai hata kitongoji. Mtu anayedanganyika mbele ya wazee?"

"Wewe hukudanganywa ukanunua ng'ombe tasa?"

Benchi zima likaangua kicheko. Jovin akangoja litulie. "Ng'ombe wangu haui watu."

Ikawa kelele. Ndipo Filemon, aliyechoka kuzungumzwa, akasema wapige kura yaishe. Wakachukua kata mbili zisizo na mwenyewe, wakaziweka juu ya kinu, moja ya Mwenye Nyumba, moja ya Mrefu. Kahawa zilikuwa zimeiva mlangoni. Kila mtu alichuma tunda moja jekundu, akalitumbukiza anakotaka. Walibishana hata wakipiga kura. Mmoja alitaka kutia mawili kwa sababu ana kaka Amerika ya Kusini.

Katikati ya kelele hiyo mtu mmoja aliuliza, "Na hao askari, ikiwa Mrefu atashinda?"

"Askari gani?" Jovin alisema. "Wale vibarua tu. Wengine hata si Wamarekani, wameokotwa huku na huku, wameahidiwa makaratasi. Kibarua wa bunduki ni kibarua. Siku zake zikiisha, haulizwi."

Mbege ikamwagika juu ya mguu wa Filemon. Aikande alikuwa amesimama na jagi limeinama.

"Samahani."

"Hakuna neno, mama. Umenibariki."

Mwalimu akahesabu kwa sauti. Kumi na moja. Kumi na moja. Watu wakaguna kama walioona mpira umegonga mwamba.

"Basi mwenye pombe aamue," Mwalimu alisema. "Hapigi kura yeye? Ametunywesha msitu, na atoe uamuzi."

Jovin mwenyewe alikwenda mlangoni, akachuma tunda, akaliweka kwenye kiganja cha Aikande kwa mikono miwili, kwa heshima ya mzaha. "Karibu, mama. Marekani yote inakungoja."

Aikande alilitazama lile tunda. Kwa mara ya kwanza tangu mabenchi yale yawekwe pale, wanaume wote walikuwa wakimngoja yeye. Aliona kwamba hatapata tena nafasi nzuri ya kuuliza. Mtu anayepiga kura ana haki ya kuuliza.

"Mwalimu," alisema, "ni yupi kati yao atakayewarudisha wale watoto?"

"Watoto gani, mama?"

"Askari."

Mwalimu alivua miwani. Alikuwa mtu wa kujibu swali lilivyoulizwa. "Mwenye Nyumba anasema watabaki mpaka kazi iishe. Mrefu anasema atatafuta nchi nyingine zisaidie, kisha kazi iishe, kisha warudi."

"Lini?"

"Hakuna aliyesema lini."

"Katika dakika zote tisini?"

"Hakuna, mama."

Jovin akacheka kidogo. "Na wewe, Mama Davisi, umeanza lini kuwalilia vibarua?"

Hakuwa na nia mbaya. Aikande alilijua hilo hata wakati ule. Lakini neno lilikuwa limekaa kifuani mwaka mzima, na sasa lilitoka lenyewe, bila sauti kubwa.

"Mmoja wao ni wangu."

Iliwachukua muda kuelewa. Aliona nyuso zikigeuka moja baada ya nyingine, kutoka kwake hadi kwenye mlango wa nyumba, kana kwamba Davis yumo ndani amelala. Jovin aliiweka kata yake chini. Filemon, mwenye sauti kubwa, alisimama akashika kofia yake.

"Pole, mama," alisema. "Tuko pamoja."

Maneno hayo Aikande aliyakumbuka. Aliambiwa hivyo hivyo na Filemon huyo huyo, pembeni ya kaburi la Elifuraha.

"Ni mzima," alisema. "Alinipigia mwezi huu. Ni mzima."

"Ndiyo, mama. Mungu ni mwema."

Wakaondoka mapema, jua likiwa bado juu ya migomba. Waliziosha kata wenyewe, jambo ambalo hawajawahi kulifanya, wakazitundika. Zile mbili za kura walizimwaga chini ya ule mbuni wa mlangoni, taratibu, kama watu wanaoficha kosa. Lile tunda moja Aikande alikuwa bado amelifumba mkononi.

Kesho yake baada ya ibada wakaja wanawake na maziwa na mikungu ya ndizi. Walikaa sebuleni wakizungumza kwa sauti ya chini. Mmoja alimuuliza kama picha ya Davis anayo, na alipoitoa, ikapita mkono hadi mkono, kila mmoja akitikisa kichwa. Aikande aliirudisha kabatini, akageuza ufunguo. Moyoni alisema: mwanangu hajafa, mbona mnamlaza?

Jumamosi iliyofuata mbege ilikuwa tamu sawasawa. Msesewe aliupima mara moja, akaupeleka mbali na jiko. Watu walikuja wachache. Walizungumza habari ya bei ya kahawa iliyoanguka, na mfereji, na ugonjwa wa migomba. Gazeti la Mwalimu lilikuwa mfukoni, limekunjwa mara nne hata jina halionekani. Aikande alimimina akangoja. Alimimina tena. Hakuna aliyeitaja Marekani.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "nani kashinda?"

Mwalimu aliitazama kata yake. "Mwenye Nyumba."

"Akasema nini?"

"Tuyaache hayo, mama. Wewe pumzika."

"Sijachoka."

Filemon akaanza kueleza habari ya banio la maji kwa haraka, na wote wakamgeukia kwa shukrani.

Ndipo Aikande alipoelewa hasara yake. Yale mabishano, na dhihaka zake, na fimbo na nyoka, ndiyo yaliyokuwa dirisha lake. Kupitia hayo alikuwa akisikia habari za huko aliko Davis, bila kuuliza, bila kuonekana. Sasa walikuwa wamelifunga kwa huruma. Nyumba ilibaki na sauti ya kuni na ya watu wanaokunywa kwa adabu.

Jovin hakuja. Kata yake, yenye alama mbili za kisu, ilikaa ukutani Jumamosi mbili. Ya tatu, asubuhi, Aikande alifungua mlango akamkuta uwanjani, amevaa shati la kanisani, ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Sisi Wachaga tunalijua jani hilo. Linaota kwenye mpaka wa vihamba na juu ya makaburi, na mtu akikuletea isale amekuja kuomba radhi. Kulikataa ni vigumu kuliko kumkataa mtu.

"Shikamoo, mama," Jovin alisema, ingawa walikaribiana umri na hakuwahi kumwamkia hivyo. "Nilisema neno kubwa. Sikujua."

"Ungejuaje, wakati sikumwambia mtu?" Aikande alilipokea kwa mikono miwili. "Nimepokea, mbe. Yameisha."

Jovin akashusha pumzi. Akaliona shoka, akalichukua, akaanza kupasua kuni bila kuambiwa. Alipasua lundo zima. Aikande alimletea maji ya kunywa, akakaa juu ya gogo.

"Sasa ukija Jumamosi," alisema, "ubishane na Mwalimu."

"Juu ya nini?"

"Juu ya Marekani. Kama zamani. Mseme huyu mwongo, huyu mkweli, mseme wako wapi sasa. Usinionee haya."

Jovin alitazama chini. "Mama, siwezi. Nikianza kusema nitauona uso wako."

"Nitakuwa jikoni."

"Hata jikoni."

Akanywa maji, akaaga, akashuka bondeni. Alikuwa mtu mwema, na Aikande alitamani angekuwa yule mwingine, mwenye mdomo. Lile isale alilichomeka juu ya mlango, mahali pake.

Filemon alishinda uenyekiti mwishoni mwa Novemba. Maji yakaanza kufika kwa zamu. Jumapili ya kwanza ya Desemba Salvina, mwenye duka la njia panda, alimtuma mtu amwite Aikande: simu ya Davis saa tisa. Hapo ndipo Davis alipokuwa akipigia, kwenye simu ya mkononi ya Salvina, pale nje ya duka penye mtandao. Aikande alifika saa nane. Alikaa juu ya kreti la soda, khanga ameifunga vizuri, kana kwamba mtoto atamwona.

Simu ililia saa tisa na robo.

"Mama."

"Davis. Umekula?"

"Nimekula, mama. Mimi mzima kabisa. Niko gereji tu, sitoki." Nyuma yake kulikuwa na kitu kinachovuma, upepo au injini. "Krismasi sitakuja. Wametuongezea muda."

"Wamekuongezea mpaka lini?"

"Hawajasema."

Aikande alisikia lile neno likimwingia mahali lilipokwisha kuchimba shimo. "Haya," alisema.

"Mama, usinyamaze. Nipe habari. Wazee wa mbege wanasemaje? Mwalimu bado anabishana na Jovin?"

Alitaka kumwambia wamenyamaza. Alitaka kumwambia, nimekutaja, baba, na tangu nikutaje nimebaki peke yangu. Akasema, "Wanabishana sana. Walipiga hata kura, kwa matunda ya kahawa. Wakatoka sare."

Davis akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha zamani, kile cha utotoni alipokuwa akipanda mparachichi. "Sare? Na wewe mama ulimpa nani?"

Aikande alipapasa pindo la khanga, kwenye fundo anakoweka vitu vidogo. Tunda lilikuwa limekauka, limekuwa jeusi na jepesi, na ndani yake buni zililia alipolitikisa.

"Yangu ninayo bado," alisema. "Nilikuwa nangoja mmoja wao aseme lini."

Upande wa pili hapakuwa na jibu. Ule mvumo nao ulikuwa umekoma. Aliibandika simu sikioni kwa nguvu zaidi, na hakujua kama Davis amelisikia neno hilo au lilianguka njiani.

Salvina alitokeza kichwa mlangoni mwa duka. "Imekatika, mama?"

"Bado," Aikande alisema, na akaendelea kuishika.